Punje kwenye kitambaa: mguu unaovimba bila kuuma hutambuliwaje?

Foleni ya mzani kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wakati wa korosho ni baraza kamili. Magunia yanasubiri kupimwa, watu wanasubiri magunia yao, na katika kusubiri huko hakuna kisichojadiliwa: bei ya mnada, makato, mpira, maradhi ya watu. Msimu uliopita nilikuwa kwenye foleni ya namna hiyo upande wa Tandahimba, nimemsindikiza shemeji yangu. Mbele yetu alikaa mzee mmoja juu ya gunia lake, mguu wa kulia umefungwa kipande cha khanga. Akakifungua, akafuta majimaji yaliyokuwa yakitoka kwenye mgongo wa mguu, akakigeuza upande mkavu na kufunga tena, kwa mikono ya mtu aliyezoea.

"Tende hilo, njomba," alisema wa kwanza. "Zile dawa za kampeni ulimeza?"

Wa pili akakataa. Tende halitoboki matundu, alisema. Huko ni kukanyaga, kuna mtu alitega kitu njiani. Kijana mwenye simu alikuwa na jibu la kisasa zaidi: sukari, mzee akapime sukari. Mama mmoja aliyekuwa akichambua korosho mbovu akawashangaa wote. Hiyo ni fangasi tu, hata yeye alikuwa nazo vidoleni, akanunua dawa ya kupaka dukani, zikaisha kwa wiki mbili.

Mzee aliwasikiliza hadi mwisho, hakubishana na mtu. Alisema neno moja: "Hauumi."

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yetu ni kukaa nyuma ya kidirisha kidogo na kupokea vikopo, na kwa kawaida mjadala wa kwenye foleni hautuhusu. Lakini uvimbe wa miaka, wenye matundu, unaotoa usaha na hauumi, ni maneno yaliyonitoa kabisa kwenye habari za mzani. Na kilichonichekesha, kama cheko lilikuwa na nafasi pale, ni kwamba aliyekaribia zaidi jina la ugonjwa ndiye aliyekuwa mbali zaidi na dawa yake. Huenda kweli ilikuwa fangasi. Ila si ile ya mama.

Fangasi na fangasi

Fangasi ni jamii moja na uyoga, na ule ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Nyingi hazina habari na binadamu. Zinaishi kwenye udongo, kinyesi cha mifugo na miti inayooza. Mkulima wa korosho anaijua fangasi mojawapo kuliko daktari yeyote: ubwiri unga, ule unga mweupe kwenye maua ya mkorosho unaomtoa kitandani alfajiri, mashine ya salfa mgongoni.

Fangasi za vidoleni, zile za yule mama, zinakula tabaka la juu kabisa la ngozi, ngozi ambayo tayari imekufa. Ndiyo maana zinawasha, zinachubua, zinatoa harufu, na ndiyo maana dawa ya kupaka inazifikia. Ziko barazani, hazijaingia ndani.

Ugonjwa ninaouzungumzia unaitwa maisetoma. Huu umeingia chumbani na kufunga mlango. Inaaminika kwamba vijidudu vyake, ambavyo makazi yake ni udongo na miba, huingizwa chini ya ngozi na kidonda kidogo: mwiba, kisiki, kijiti kikavu, jiwe lenye ncha. Kidonda kinapona na mtu anasahau. Baada ya miezi, pengine miaka, panatokea kinundu kigumu chini ya ngozi, kisichouma. Kinakua polepole. Kisha vinatokea vinundu vingine juu yake, vinapasuka, vinatoa usaha, vingine vinajifunga huku vipya vikifunguka. Chini kwa chini matundu hayo yameunganishwa, kama kichuguu: juu unaona vitobo vichache, ndani kuna mji. Usipozuiwa, unakwenda hadi kwenye mfupa.

Mguu ndio unaoathirika zaidi, karibu wagonjwa 7 kati ya 10, kwa sababu mguu ndio unaokutana na udongo. Mkono nao haukosi, hata mgongo na shingo kwa watu wanaobeba kuni au mizigo yenye miba. Wanaopata zaidi ni wanaume vijana, umri wa kati ya miaka 15 na 30 hivi, wakulima na wachungaji. Yaani watu walio kwenye nguvu za kazi.

Jina lake la kwanza vitabuni ni Mguu wa Madura, kutokana na Madurai, mji wa kusini mwa India, ambako daktari mmoja Mwingereza, John Gill, aliueleza mwaka 1842. Miaka kama 20 baadaye mwenzake, Henry Vandyke Carter, aliona fangasi ndani yake, akaupa jina la Kigiriki lenye maana ya uvimbe wa fangasi. Jina hilo linatusumbua hadi leo, na nitaeleza kwa nini.

Wagonjwa wengi walioandikwa duniani ni wa Sudan, Mexico na India. Wataalamu huchora mkanda kwenye ramani, kutoka nyuzi 15 kusini mwa ikweta hadi nyuzi 30 kaskazini, wakisema humo ndimo ugonjwa unamopenda kukaa, hasa kwenye nchi kavu zenye miti ya miba na mvua ya msimu mmoja. Mtwara na Lindi ziko nyuzi kama 10 kusini. Tumo ndani ya mkanda. Sisi hatuna ukame wa Sudan, lakini tuna mvua ya msimu mmoja na kiangazi kirefu, tuna miba, na tuna watu wengi wanaopalilia ufuta na kuokota korosho wakiwa na ndala zilizokatika kamba, au bila ndala kabisa.

Mei 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliuingiza maisetoma kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, orodha moja na matende, kichocho, usubi, trakoma na ukoma. Matende tumeyasikia kwenye vipaza sauti vya magari ya matangazo kwa miaka. Huu wa sasa haujapata gari la matangazo.

Neno la yule mzee

"Hauumi." Watu wengi wakisikia hivyo hushukuru. Mguu usiouma hauzuii kwenda shamba, haukuamshi usiku, na nauli ya kwenda hospitali inangoja hadi korosho ziuzwe. Mwaka unapita. Korosho zinauzwa, kuna ada ya shule na kuna bati.

Kwenye ugonjwa huu kutouma ni sehemu ya hila yake. Fikiria muhogo wenye michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao mkulima wa pwani yetu hahitaji kufundishwa. Shina limesimama, majani si mabaya sana, unang'oa muhogo umenenepa vizuri. Unapoumenya ndipo unakuta umeoza madoa madoa ndani. Mguu wa maisetoma unaweza kufika hapo bila kilio. Maumivu yakija, mara nyingi ni kwa sababu bakteria wengine wamevamia yale matundu au mfupa umeshaguswa. Kwa hiyo mtu anayekuja hospitali siku mguu ulipoanza kuuma anaweza kuwa amechelewa miaka, na hakuzembea. Alifuata akili ya kawaida inayosema kisichouma hakina haraka.

Sasa turudi kwa madaktari wa kwenye foleni, maana hawakuwa wajinga. Kila mmoja alitaja ugonjwa uliopo kweli hapa kwetu.

Tende huletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, ikaziba mishipa inayopitisha maji ya mwili. Mguu unavimba kwa upana, kuanzia unyayo kwenda juu, mwanzoni ukibonyeza unabonyea, baadaye ngozi inakuwa nene yenye mikunjo. Unaweza kupata vidonda, lakini hauna kinundu kigumu chenye matundu yanayotema punje. Huyo wa pili aliyesema tende halitoboki hivyo, kwenye hilo alikuwa sahihi. Alipotea alipotoka tende akaingia njiani kwa mtego. Sukari nayo huharibu miguu, tena vibaya, ila kidonda chake huwa kidonda wazi, mara nyingi chini ya unyayo au kidoleni, kwenye mguu uliokufa ganzi. Kupima sukari si kosa, kipimo ni cha dakika mbili. Kosa ni kupima sukari, kukuta iko sawa, na kumwambia mtu hana ugonjwa.

Yapo magonjwa mengine ambayo hayakutajwa pale. Kifua kikuu cha mfupa, usaha wa mfupa wa muda mrefu ambao hutema vipande vya mfupa, na saratani za ngozi zinazoanza kama kinundu cheusi. Hizi ndizo zinazomchanganya hata daktari, kwa sababu nazo zinavimba na nyingine zinatoboka. Kwa macho peke yake unaweza kuhisi. Kuthibitisha ni jambo jingine.

Mchanga

Nilimwomba mzee anionyeshe kile kitambaa. Alishangaa kidogo, akanipa. Kwenye unyevunyevu wa njano kulikuwa na vitu vidogo vyeusi, saba au nane hivi, vigumu, vimezungukwa na usaha. Kimoja kilikuwa karibu sawa na punje ya ufuta, vingine vidogo kuliko chumvi ya mawe iliyosagwa.

"Huo mchanga," alisema. "Unatoka kila siku. Naosha, unatoka tena."

Kwa miaka minne mzee huyu alikuwa akiosha na kutupa kitu ambacho daktari angekihitaji kuliko kingine chochote. Ule si mchanga. Ndani ya nyama, kijidudu cha maisetoma hakikai kimoja kimoja. Kinajiviringa na wenzake kwa maelfu, kinajijengea ganda, kinakuwa punje ambayo askari wa mwili hawaipenyi kirahisi. Dawa nazo zinapata tabu hapo. Punje hizo ndizo zinazotoka na usaha. Ukubwa wake ni kuanzia sehemu ya tano ya milimita hadi milimita 5. Uvimbe usiouma, matundu, na punje: vikikutana vitatu kwenye mguu mmoja, mhudumu yeyote wa zahanati ana haki ya kuandika jina la maisetoma kwenye karatasi ya rufaa hata kama hajawahi kuuona.

Ila jina halitoshi, na hapa ndipo lile jina la Carter linapotusumbua. Uvimbe wa fangasi, kumbe si kila mara ni fangasi. Kuna aina mbili za ugonjwa huu zinazofanana kwa nje kama mapacha. Moja huletwa na fangasi. Nyingine huletwa na bakteria wanaoota kwa nyuzi nyuzi, wakajifanya fangasi, hata wataalamu wa zamani wakadanganyika. Barani Afrika ya fangasi ndiyo inayotajwa zaidi, na fangasi kinara inaitwa Madurella mycetomatis. Mexico, ya bakteria ndiyo nyingi.

Kwa mgonjwa tofauti hiyo ni kila kitu. Mkulima anajua kwamba salfa inazuia ubwiri unga kwa sababu ubwiri unga ni fangasi. Akimpulizia salfa mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi yakakauka, atamaliza mfuko mzima na mdudu bado yupo, kwa sababu mdudu ana dawa yake. Vivyo hivyo mguuni. Maisetoma ya bakteria hutibiwa kwa antibayotiki, hasa kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita septrini, ikichanganywa na sindano za amikasini, na wengi hupona bila kisu. Maisetoma ya fangasi haisikii antibayotiki hata moja. Inataka dawa ya fangasi ya kumeza, hasa itrakonazoli, kwa mwaka mzima au zaidi, na mara nyingi upasuaji katikati. Ukikosea pacha, umempa mtu mwaka wa dawa bure na ugonjwa umepata mwaka wa kuchimba.

Rangi ya punje inatoa dokezo la kwanza. Nyeusi ni fangasi. Nyekundu ni bakteria. Nyeupe na njano ndizo za fitina, zinaweza kuwa zote mbili, na hapo hakuna kubahatisha.

Nyuma ya kidirisha

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine ya mamilioni. Punje inaoshwa kwa maji ya chumvi safi ya hospitali, inawekwa kwenye kioo cha slaidi, inatonwa tone la KOH, dawa inayoyeyusha usaha na nyama lakini inaiacha fangasi. Unasubiri kidogo, unaikandamiza kwa kioo cha juu, unaweka chini ya hadubini. Ikiwa ni fangasi unaona nyuzi nene zenye vyumba, unene wa maikromita 2 hadi 6, zimesukana kama nyavu zilizotupwa pamoja. Ikiwa ni bakteria, nyuzi zake hazizidi maikromita 1, nyembamba kama vinyweleo, na zinaonekana vizuri zaidi zikipakwa ile rangi tunayoitumia kila siku kutofautisha bakteria. Hadubini ya aina hiyo iko kwenye vituo vingi vya afya. Ndiyo hiyohiyo tunayotafutia malaria na kifua kikuu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuleta punje, na mtu wa nyuma ya dirisha kujua anatazama nini.

Kwenye hilo la pili sina pa kujificha. Miaka ya mwanzo ya kazi nililetewa pamba ya usaha kutoka mguu wa kijana mmoja. Nikaotesha, ikaota stafilokokasi, bakteria wa kawaida wa vidonda, nikaandika stafilokokasi kwa mwandiko mzuri, nikajisikia nimefanya kazi. Stafilokokasi yumo kwenye ngozi ya karibu kila mtu mwenye kidonda. Kupangusa juu ya tundu la maisetoma ukategemea kumpata mhusika ni sawa na kukamata wapita njia mlangoni ukasema umewapata wenye nyumba. Kijana alipewa antibayotiki, akarudi, akapewa nyingine. Niliyoyaandika yalikuwa ya kweli na yalimpoteza.

Punje ikikosekana, kwa sababu uvimbe bado haujatoboka au matundu yamejifunga, inabidi kufuatwa ndani. Njia nyepesi ni sindano: inaingizwa kwenye kinundu, kilichomo kinavutwa. Njia ya uhakika zaidi ni kipimo cha kinyama, ambapo daktari, kwa ganzi, anakata kipande kutoka ndani, si ngozi ya juu. Hapa kuna jambo dogo ambalo limeharibu vipimo vingi, na ningependa kila nesi wa chumba cha upasuaji alisikie: kinyama kigawanywe. Nusu kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, hiyo ni ya kukatwa vipande vyembamba, kupakwa rangi na kusomwa na mtaalamu wa patholojia. Nusu nyingine kwenye maji safi ya chumvi, bila formalini, hiyo ni ya kuoteshwa. Formalini inaua. Ukikitumbukiza chote humo, umetuma maiti na kuomba iote.

Kuotesha kwenyewe kunataka subira ya mkulima wa minazi. Fangasi hizi ni za polepole; wiki nne, sita, na hata zikiota zinaweza kufanana kiasi kwamba jina kamili linapatikana kwa kipimo cha vinasaba tu, ambacho kinafanyika kwenye maabara chache kubwa. Kipimo cha damu cha kuaminika cha kusema huyu anao, huyu hana, hakuna. Wala hakuna kile cha kuchovya kama cha malaria. Mtu akikuuzia kipimo cha damu cha dakika kumi cha ugonjwa huu, mshukuru, uondoke.

Picha zina kazi yake nyingine. Utrasaundi, iliyopo hospitali nyingi, inaweza kuonyesha vyumba ndani ya uvimbe na punje zinang'aa humo hata kabla ngozi haijatoboka, na inasaidia kujua sindano ielekezwe wapi. Eksirei inasema mfupa umefikiwa au bado: fangasi huacha mashimo machache makubwa, bakteria huacha mengi madogo kama mbao iliyoliwa na dumuzi. MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ndiyo inayochora mipaka vizuri kuliko zote, na ina alama moja maarufu, nukta nyeusi ndani ya duara jeupe, ambapo nukta ndiyo punje. Lakini picha inampimia daktari wa upasuaji shamba lilivyo kubwa. Magugu ni ya aina gani, swali hilo bado ni la punje.

Yanayosemwa

La mtego njiani sitalibeza, kwa sababu lina mantiki yake. Mtu alikuwa mzima, akakanyaga kitu, akapona, kisha bila sababu inayoonekana mguu ukaanza kuharibika. Maelezo ya maabara yanakubali karibu yote hayo: kweli alikanyaga kitu, kweli kitu kiliingia. Tunatofautiana tu juu ya nani alikiweka. Shida inakuja kwenye tiba, mguu unapochanjwa chale na kufungwa majani mwezi baada ya mwezi, matundu ya bandia yakaongezwa juu ya yale ya asili, na bakteria wa nje wakapata milango.

Kuna wanaomtengea mgonjwa beseni na kandambili. Hakuna haja. Maisetoma hauhami kutoka mtu hadi mtu, si kwa kugusana, si kwa kulala chumba kimoja. Unatoka kwenye udongo, na wawili wa nyumba moja wakiupata ni kwa sababu wanalima shamba moja.

Na lipo lile linalosemwa kwa kunong'ona wodini, kwamba nyama ikiguswa na chuma ugonjwa unasambaa. Hili lina chembe ya ukweli iliyotiwa chumvi. Kuchukua kinyama kidogo kwa ajili ya kipimo hakusambazi. Lakini kuukata uvimbe wote kienyeji, kwa ganzi ndogo, bila kujua mipaka yake na bila dawa ya kumeza kabla na baada, huacha mabaki, na mabaki huota upya. Watu wameona uvimbe ukirudi kwa nguvu baada ya kisu na wamelaumu chuma, kumbe kilichokosekana ni kipimo kabla ya chuma.

Hofu kubwa kuliko zote ni ya kukatwa mguu. Wapo wanaokatwa, sitadanganya. Ni wale waliofika wakati mfupa umekwisha. Anayekimbia hospitali kwa kuogopa msumeno anajipeleka palepale msumeno ulipo, taratibu.

Dawa zenyewe ni mtihani. Itrakonazoli ni vidonge kila siku, kwa kawaida miligramu 400 kwa siku, ini likichunguzwa mara kwa mara, na mwaka mzima wa vidonge hivyo si bei ya mkulima wa kawaida. Sudan walijaribu dawa mpya, fosravukonazoli, inayomezwa mara moja kwa wiki, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalitia moyo. Kazi hiyo ilifanyika kwenye Kituo cha Utafiti wa Maisetoma cha Khartoum, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Profesa Ahmed Hassan Fahal, mahali palipojua ugonjwa huu kuliko popote duniani. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimekiharibu, pamoja na sampuli zilizokusanywa kwa miongo. Nikifikiria friji zile zilizokosa umeme, kidirisha changu kinakuwa kidogo zaidi.

Kwetu kusini, mlango wa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na rufaa kutoka hapo. Kuna hospitali ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini upande wa Mtwara, Sokoine upande wa Lindi, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao ambazo watu wa bara ya mikoa hii wamezitegemea kwa vizazi. Chuo cha ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu wa ngozi tangu mwaka 1992, kwa hiyo ukifika ulizia kama kuna tabibu wa ngozi, usikae tu kwenye benchi la vidonda. Na usifike mikono mitupu. Kitambaa au gozi safi iliyokaa usiku kucha juu ya tundu, asubuhi ikafungwa kwenye karatasi bila kuoshwa, ni zawadi kwa mtu wa maabara.

Mzee wa Tandahimba alikuja kituoni kwetu Jumatatu iliyofuata, korosho zikiwa zimeshapokelewa. Hakuleta gozi. Alitoa mfukoni kichupa cha dawa ya macho, kimeoshwa, ndani yake punje kama 30. Alikuwa amezikusanya siku tano, moja moja, kwa ncha ya kijiti. Niliweka mbili kwenye KOH. Nyuzi nene, zimesukana. Tabibu akaandika rufaa: uvimbe usiouma, mguu wa kulia, miaka minne, matundu matano, punje nyeusi, fangasi kwa hadubini, naomba kinyama na eksirei.

Nilitaka kubaki na kichupa tuwafundishie wanafunzi. Akakataa, akakirudisha mfukoni. Alisema akifika huko, wakianza tena habari za sukari, atawatolea mezani.